Likizo ya Kwenda Kumkanda Tabia

La Rochelle, Johannesburg
Jumapili, 2 Machi 1997

Mwanangu Tabia, nakusalimu wewe kwanza, na huyo uliyembeba namsalimu pia, ingawa bado hajajua jina langu. Nisalimie dada yangu Saida, mwambie habari za mguu wake zimenifikia na dawa ya kuchua naitafuta. Nisalimie mkwe wangu Bakiri, na mama yake, na babu yake Mzee Pandu. Yeye mpigie kelele sikioni umwambie Zabibu kakusalimu, asije akasema nimemruka. Nisalimie Tumu na pacha wake, na yule mdogo wao anayekula udongo, kama ameacha. Nisalimie wa uani wote, hata yule tuliyegombana naye kwa sababu ya kuku. Huku sisi wazima. Baba Lerato anakohoa kidogo lakini kazini anakwenda. Mdogo wako Lerato anakusalimu kwa Kizulu. Kiswahili anakisikia chote, ila akifungua mdomo hakitoki.

Barua nikiandika zinachelewa, na simu ya barabarani inakula sarafu kabla sijamaliza kusema hodi. Basi nimechukua daftari hili, nitakuwa naandika kidogo kidogo yanayonipata, na Muhammad anayeuza kanga kule Marshalltown akija nyumbani atakuletea. Mwandiko usiucheke. Darasa la nne ni darasa la nne.

Jambo lenyewe ni hili. Kliniki wamekwambia katikati ya Mei. Uzazi wa kwanza mtu huzaa mbele ya mama yake, ndivyo tulivyokuta. Tangu nimfuate Baba Lerato huku kwao, alipomaliza ukimbizi wake Morogoro, ulivunja ungo mie sipo. Ukaolewa mie sipo. Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni mpaka jirani akaja mbio na ndoo, akidhani nimeungua. Hili la tatu silikosi. Nani atakukanda kwa maji ya moto? Nani atakufunga tumbo? Saida na mguu ule?

Lakini nataka likizo ya kukaa mpaka utoke arobaini, na likizo anayo Mzee Ziskind, ninayemfanyia kazi. Kumwomba naogopa.

Jumanne, 4 Machi

Mvua ya mawe. Bati la jirani limetoboka.

Ijumaa, 14 Machi

Saida aliniuliza kwenye simu, huyo unayemfanyia kazi ni mzungu wa namna gani. Leo nimjibu.

Ni Myahudi. Amezaliwa nchi ya mbali ya theluji, akaletwa huku mdogo na mama yake kumfuata baba aliyekuwa akishona suruali Jeppestown. Sasa ana miaka themanini na kitu. Mke amekufa, mwanawe yuko Australia. Nyumba yake iko juu ya barabara yetu. Zamani mitaa hii ilikuwa ya Mayahudi, walikuwa na msikiti wao, sinagogi. Wote wamehamia kaskazini ya mji, yeye kagoma. Mie naingia asubuhi, namwogesha, nampikia, namsomea rangi za vidonge. Tunaongea Kiingereza, chake cha mahakamani na changu cha jikoni, kikikatika tunakiunga kwa Kizulu.

Alikuwa wakili, tena mwenye jina. Ofisi Marshalltown, ghorofani. Halafu akaacha uwakili akawa mtu wa siasa, chama cha Leba, cha wafanyakazi. Akaingia mpaka bungeni. Hilo ndilo linalonitia hamu. Mtu ana kazi ya kukaa kwenye kiti cha ngozi, anaiacha aende kupigiwa kelele na watu?

Leo nikimkata kucha nikamuuliza.

"Mzee, uwakili uliuachia nini?"

"Nilichoka kushinda," akasema.

"Mtu huchoka kushinda?"

"Jumatatu namshindia mwoka mikate mmoja dhidi ya tajiri yake. Jumanne tajiri yuleyule anamfanyia mwingine vilevile. Nikaona nikikaa mahakamani nitashinda mpaka nife na hakuna kitakachobadilika. Angalia kidole hicho, Mama, hicho ni changu."

Nimerudi nyumbani nikilifikiria neno hilo mpaka nikapita kwenye robot, ndivyo huku waitavyo taa za barabarani, ikiwa nyekundu, dereva akanitukania mama yangu.

Jumatatu, 17 Machi

Nilikusudia kumwomba leo. Alikuwa na homa. Sikumwomba.

Jumapili, 23 Machi

Marcelline, yule Mkongo wa chumba cha pili, amefukuzwa saluni alikokuwa akisuka. Analia kwa Kifaransa, sote tunaelewa.

Jioni nilikuwa nawasifia watu Mzee wangu wakati wa kula. Nikasema huyu mtu aliwapigania wafanyakazi wa nchi hii tangu sisi hatujazaliwa. Baba Lerato akaweka kijiko chini.

"Wafanyakazi gani, Mma Lerato?"

"Wafanyakazi. Wa reli, wa viwandani."

"Wa reli weupe. Chama kile kilikuwa cha wazungu. Walikuwa wanataka kazi nzuri ziwe zao, baba yangu mie abebe mawe. Usiniletee huyo mzee mezani, chakula kitapoa."

Lerato akauliza kwa Kizulu, mzee ni mbaya? Baba yake akasema hapana, ni mzee tu, kula.

Jumatatu, 24 Machi

Leo nimemwogesha bila maneno. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema meno.

Alhamisi, 27 Machi

Wewe unanijua, mwanangu, jambo likinikaa kooni silali. Nimemuuliza.

"Mzee, wafanyakazi uliowapigania ni wote, au wale weupe?"

Redio ilikuwa inasema habari za hiyo sheria mpya ya kazi wanayobishania. Akaizima. Nikajua leo nimefukuzwa, nikaanza kufikiria nitamwambiaje Baba Lerato.

"Nani kakutuma?"

"Sijatumwa. Nina kichwa changu."

"Walionipigia kura walikuwa weupe," akasema. "Wewe ungekuwa mimi ungewaambia nini?"

"Mie sijui, Mzee. Sijawahi kupigiwa kura."

Akacheka mpaka akakohoa, nikampiga mgongoni. Kisha akanieleza kwamba mwaka mmoja alisimama mbele ya watu wa reli, akawaambia Waafrika nao wana haki ya kuwa na chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa. Wakamrushia mikate. Mikate, hebu fikiria! Uchaguzi uliofuata kiti kikaenda.

"Kwa hiyo ulikuwa mzuri mwishoni," nikasema.

"Nilichelewa," akasema, "na sikusema kwa sauti kubwa. Washa redio."

Sijui nimweke fungu gani. Nilipomsimulia Baba Lerato kisa cha mikate aliendelea kula, ila baadaye nikamsikia kitandani anacheka peke yake: "Mikate!"

Jumatano, 2 Aprili

Nimemwomba! Nikasema Mzee, binti yangu wa kwanza anazaa mzaliwa wake wa kwanza, na kwetu mama ndiye anayemkanda mzazi mpaka atoke arobaini, naomba ruhusa.

Akanitazama kama nimemwambia nahamia mwezini.

"Arobaini yote?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na mimi?"

Akageukia dirishani.

"Tutaona baada ya Pasaka," akasema.

Hiyo ni Pasaka yao, si ya Wakristo iliyokwisha juzi. Inaisha mwisho wa mwezi huu. Mwanangu, bana miguu.

Jumamosi, 5 Aprili

Baridi imeanza asubuhi. Mzee anataka soksi mbili mbili.

Ijumaa, 11 Aprili

Nomsa, mwenye chumba kinachoelekeana na chetu, anafagia maofisi Marshalltown, na wenzake wamemchagua awe msemaji wao wa chama. Ulimi wake unajua kupasua kuni. Nikamsimulia habari ya "tutaona".

"Sisi," akasema, ndivyo huku wanavyomwita dada, "'tutaona' si jibu. 'Tutaona' ni mlango ambao mtu kaushika kwa mguu. Ulikwenda na nani?"

"Peke yangu."

"Eish! Mfanyakazi haendi kwa bosi peke yake! Hata huyo mzee wako anajua. Nakuja nizungumze naye."

"Usije, Nomsa, nakuomba. Ni mzee, nitamwudhi."

"Haya. Mwache asiudhike, binti yako azalishwe na jirani."

Maneno hayo yameniuma kwa kuwa ni ya kweli.

Ijumaa, 18 Aprili

Idd Kubwa. Tumesali, tumekula pilau, nimemkumbuka kila mtu kwa jina lake. Mzee kanipa ruhusa ya siku nzima bila kuombwa. Anaweza, akitaka.

Jumatatu, 21 Aprili

Leo limetokea jambo, na sijui kama ni la kucheka.

Pasaka yao inaanza leo magharibi. Siku hizo zote Myahudi hatakiwi kuwa na kitu kilichoumuka nyumbani mwake, wala kitokanacho na ngano au shayiri: mkate, unga, biskuti, vyote. Si kula tu, hata kukimiliki. Mzee hasali, tena anasema Mungu hamwamini, lakini hili analishika kwa sababu mama yake alilishika.

"Sasa tutavitupa, Mzee?"

"Kutupa ni hasara. Tunauza. Namuuzia mtu asiye Myahudi, Pasaka ikiisha namnunulia tena. Miaka yote nilimuuzia mtunza bustani, sasa karudi kwao Venda. Mwaka huu nakuuzia wewe."

"Mie sina pesa."

"Sitaki pesa. Lete pembe ya hicho kitambaa chako."

Nikampa pembe ya kanga. Akaishika, akaiinua juu, akasema kwa lugha yao maneno mawili matatu, akaiachia. Ati kwisha, kauza. Kabati lote la vyakula ni langu. Akanipa na ufunguo.

"Mchezo mzuri," nikasema.

Alikasirika! "Si mchezo, Mama. Mimi ni wakili. Ni mali yako kabisa. Ukitaka kula, kula. Ukitaka kuwapa kuku, wape. Kama si yako kwa kweli, basi nimemdanganya Mungu. Na mimi simwamini. Kumdanganya mtu usiyemwamini ni ufidhuli mara mbili."

Basi mama yako leo ni tajiri wa unga.

Jumanne, 22 Aprili

Nimefungua kabati langu nione utajiri wangu. Unga, tambi, biskuti, shayiri ya supu. Nyuma kabisa, nyuma ya makopo, chupa ya wiski, haijafunguliwa, lebo imekuwa ya njano.

Wiski nayo hutokana na shayiri. Tabia mwanangu, nimeuziwa pombe! Siku nne baada ya Idd!

Jumatano, 23 Aprili

Nimekwenda Marshalltown kwa Muhammad, maana mbali na kanga ndiye anayetusomesha dini wanawake Alhamisi. Nikamkuta anabishana na mteja juu ya rangi kuchuja. Nikamvuta pembeni.

"Shehe, mtu akijikuta ana pombe, ni mali yake, hakuitafuta, afanyeje?"

Akanitazama vibaya. "Zabibu, Baba Lerato kaanza kunywa?"

"Si Baba Lerato! Jibu tu."

"Aimwage. Asiuze, asimpe mtu. Kuiuza ni kama kuinywa."

Nikarudi nikiwa na hesabu moja kichwani, nayo haikugeuka kila nilivyoipindua. Kuinunua nilinunua bila kujua. Lakini Pasaka ikiisha Mzee atataka kuinunua, na hapo nitauza nikijua. Nikimwambia sasa, atasema nimeharibu biashara yote ya Pasaka na kumvunjia mwiko wa mama yake. Mwenyewe kasema ni mali yangu, nikitaka niwape kuku.

Alipokuwa amelala mchana nikatoka nayo uani, nikaimwaga kwenye waridi. Harufu ilijaa ua mzima. Mbwa wa Mreno wa jirani akaja, akanusa, akapiga chafya, akaenda zake. Chupa nikaisuuza mara nyingi nikaiweka kwenye takataka. Nikajiona mwepesi, kama mtu aliyetoka kuswali.

Ijumaa, 25 Aprili

Mzee anakula ile mikate yao ya Pasaka isiyoumuka, mikavu kama kadi. Inamkwaruza fizi. Namlowekea kwenye supu.

Jumatatu, 28 Aprili

Kesho kutwa atanijibu. Nimefua nguo za safari, kama nimeshajibiwa.

Jumatano, 30 Aprili

Sina raha ya kuandika lakini nikiliacha litanilala kifuani.

Asubuhi Mzee alikuwa mchangamfu. Kanyoa ndevu, kavaa sweta ya buluu. Akaniita mbele ya kabati, akaweka na glasi ya maji kwa sababu alitaka kutoa hotuba. Akatoa leso yake mfukoni, akasema mkataba unarudi, sasa yeye ndiye mnunuzi, mie ndiye ninayeshika. Nikashika, nikainua. Akafungua kabati akaanza kutazama, unga sawa, tambi sawa. Mkono ukaenda nyuma ya makopo. Ukakaa huko.

"Chupa."

"Nimeimwaga, Mzee."

"Umefanya nini?"

Nikamweleza. Pombe kwangu ni haramu kuinywa, na kuiuza vilevile; alisema ni mali yangu; nikauliza kwa mjuzi. Nilisema haraka haraka, Kiingereza kikaisha, nikamalizia kwa Kiswahili, naye akabaki ananitazama mdomo.

Akakaa kwenye kigoda cha jikoni, ambacho hakai kamwe. Akaanza kusema, lakini hakuwa anasema na mimi. Alikuwa anasema na kabati. Chupa ile walimpa waoka mikate wa Jeppestown, usiku aliposhinda uchaguzi wake wa kwanza. Walichanga. Akawaapia hataifungua mpaka siku ambayo kila mfanyakazi wa nchi hii atapiga kura. Wao wakacheka, wakasema basi itakaa. Siku ikaja, mwaka ule wa tisini na nne. Akaenda kupiga kura kwa kiti cha magurudumu, akarudi, akaitoa chupa, akapanga glasi mezani. Akashika simu. Hakuna wa kumpigia. Mmoja Israeli kazikwa, mwingine London kazikwa, wengine wako hapa hapa makaburini. Akazirudisha glasi, akairudisha na chupa.

"Nenda nyumbani, Mama," akasema.

Nilitaka kumwambia pole. Neno la Kiingereza nalijua, watoto wadogo wanalijua. Halikutoka.

Na likizo sikuiuliza. Ningeiuliza kwa uso gani? Baba Lerato kaniambia kesho nisiende, mtu akipoa ndiyo unamrudia. Nikamwambia nani atampa vidonge?

Alhamisi, 1 Mei

Nilikwenda. Nilimkuta kitandani, kageukia ukutani. Vidonge kachukua, chai kaacha. Nikatoka nje kufagia majani, nipate kulia bila kuonekana.

Nomsa akapita barabarani na fulana yake nyekundu ya chama, anakwenda kwenye mkutano wao uwanjani. Akasimama kwenye geti.

"Sisi! Leo Mei Mosi! Wewe unafagia? Kwenye nyumba ya nani?"

Nikamfanyia ishara anyamaze. Nomsa na kunyamaza ni paka na maji. Akaingia moja kwa moja, na viatu, mpaka mlango wa chumba cha Mzee.

"Tata, baba yangu, samahani. Nchi nzima leo mfanyakazi kapumzika, wa kwako anafagia. Kakuomba ruhusa akamzalishe mwanawe, umemwambia tutaona. Na picha zote hizi ukutani za wafanyakazi ni za urembo?"

Nilisema hapo hapo moyoni, innalillahi, kazi imekwenda.

Mzee akageuka polepole.

"Wewe ni nani?"

"Nomsa. Msemaji wa wafagiaji, Marshalltown."

Nikaona anatafuta miwani, nikampa. Akamtazama vizuri, kuanzia fulana mpaka viatu.

"Njoo kesho asubuhi," akasema. "Leo ni sikukuu. Majadiliano hayafanywi sikukuu." Kisha akanigeukia mie: "Na wewe nenda nyumbani. Unaniaibisha."

Ijumaa, 2 Mei

Tumemkuta kavaa suti. Suti, Tabia, na tai, sijui aliifungaje na vidole vile. Meza ya kulia kaifuta mwenyewe, viti viwili upande mmoja, chake upande wa pili. Nikataka kwenda kuweka chai.

"Kaa," akasema. "Leo wewe si mpika chai. Mnadai nini?"

Nomsa akakohoa. "Likizo mpaka mzazi atoke arobaini. Na akirudi kazi yake aikute."

"Wiki mbili."

Wiki mbili! Baada ya yote ya chupa, nikaona huyu mtu kaniokoa. "Ahsante sana, Mze..."

Akapiga meza, glasi zikaruka. "Hapana! Mama! Ndiyo nini hiyo? Mwajiri katoa neno la kwanza na wewe unapokea? Bibi Nomsa, huyu mtu wako hajafundishwa. Mtoe nje umfundishe, nawasubiri."

Nikatolewa nje kama mtoto. Jikoni Nomsa alikuwa kajishika mbavu kwa kicheko. "Sisi, mzee huyu ni sharp, mkali! Anataka tupigane naye! Wewe usifungue mdomo mpaka nikukanyage mguu."

Tukarudi. Nomsa akasema arobaini. Mzee akasema wiki tatu, bila hakika ya kazi. Nomsa akasema arobaini. Mzee akasema biashara yake ni ndogo, haiwezi kubeba. Nomsa akasema, "Uliwapigania makarani wa reli wenye ngozi yako, leo wa jikoni kwako anadai, umekuwa bosi?"

"Nimekuwa bosi," akasema Mzee, macho yanawaka. "Kwa hiyo nishindeni." Sijawahi kumwona na rangi usoni namna ile. Kisha akanyoosha kidole. "Na uharibifu wa mali?"

Nikasogeza kiti nisimame.

"Mali ya nani?" akauliza Nomsa, maana nilikuwa nimemsimulia yote.

Mzee akavua miwani.

"Ya kwake," akasema, kwa sauti ndogo. "Niliiuza. Tangu juzi natafuta sheria ya kumshtaki nayo, yetu au ya serikali. Hakuna. Kamwaga kilicho chake." Akafuta miwani kwa tai. "Haiko mezani. Tuendelee."

Hapo nikamtazama, mwanangu, na nikajua ninamweka fungu gani. Si lile la Baba Lerato wala lile langu la kwanza. Ni mtu anayeshika neno lake hata likimkata mkono. Nikasahau kungoja kukanyagwa mguu.

"Mzee," nikasema, "nisamehe kwa hao waoka mikate wako. Sikuwajua."

Akatikisa kichwa, hakunitazama. Halafu likatoka lile ambalo, nadhani, ndilo lililokuwa limemkaa tangu mwanzo.

"Nikifa ukiwa huko?"

Nomsa akainamia meza. Kwa hilo chama chake hakijamfundisha jibu.

"Mzee, kwa hilo sina jibu," nikasema. "Wewe siku yako huijui, mie siijui. Lakini ya mtoto tunaijua, na mama yake hajawahi kuzaa. Anaogopa kama unavyoogopa wewe."

Akainyoosha tai yake.

"Hiyo ni hoja," akasema. Kisha kwa Nomsa: "Nani atakaa nami?"

Nikamtaja Marcelline, mpole, mikono safi, hana kazi. Akauliza anaongea nini. Nikasema Kifaransa. Akasema vizuri, mama yake alitamani mwana anayejua Kifaransa, sasa atajifunza. Nimfundishe Marcelline vidonge wiki hii, niondoke na basi la Ijumaa ijayo, tarehe tisa. Arobaini yote. Kazi yangu nitaikuta. Akanipa mkono, akampa na Nomsa mkono, akamwambia, "Ulipaswa kuanza na miezi mitatu, ungenipata haraka zaidi."

Jumapili, 4 Mei

Nimemsimulia Baba Lerato kila neno. Akasema, "Hm." Leo mchana kapanda juu ya barabara kwenda kumtengenezea Mzee bomba la bafuni, hajaombwa. Wamekaa huko mpaka jua likazama, wakibishana juu ya chama cha Leba. Marcelline anasema walipiga kelele mpaka wakaomba chai.

Muhammad anaondoka kesho, safari hii kwa ndege, kwa hiyo daftari hili litakufikia mapema kuliko mie. Nami natoka Ijumaa. Mwanangu, sasa nakuomba moja. Ukishalisoma, usingoje mtu wa kuja huku, nenda posta upige simu. Nambari nimeiandika kwenye jalada la nyuma, ni ya nyumbani kwa Mzee, maana mie niko kwake kutwa. Uchungu ukikuanza kabla ya Ijumaa, tumekubaliana naondoka saa hiyo hiyo, Marcelline ajue asijue. Na hata nikishaondoka piga, kwa sababu Mzee kasema haiwezekani ampoteze mfanyakazi wake halafu asijue imekuwaje.

Simu iko karibu na kiti chake, kwa hiyo atapokea yeye. Kaniomba nimfundishe neno moja la kukuuliza, na tangu jana analirudia na supu mdomoni. Basi ukisikia mzee anapiga kelele "Amejifungua? Amejifungua?", usicheke wala usikate. Mjibu yeye kwanza. Piga haraka, mwanangu. Hata kama hakuna la kusema, piga useme bado.